Tathmini ya perf ya Linux: saa ya kerneli na saa ya programu zinapopishana

Chombo ninachokitathmini hapa ni perf, programu ya kupima utendaji inayotunzwa ndani ya msimbo wa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa uendeshaji, tangu toleo la 2.6.31 la mwaka 2009. Sitaeleza kila inachoweza kufanya, kwa sababu ni mengi, na sehemu kubwa yake inafanya kazi vizuri. Nitaitazama kwa upande mmoja ambao, katika kazi yangu, ndio unaoamua kama matokeo yake yanafaa kuaminiwa: je, wakati ambao perf inauandika kwenye kila sampuli (picha ya haraka ya kile kichakataji kinachokifanya) unaweza kuwekwa sambamba na wakati ambao programu yenyewe imeuandika kwenye logi zake, ili mtu aseme bila kubahatisha kwamba ombi fulani lilipokwama, kichakataji kilikuwa kinafanya jambo fulani?

Nimeitumia perf kwa miaka kadhaa kwenye seva zinazoendesha huduma ya Java inayopokea maombi kutoka kwenye simu. Swali linalonipeleka kwenye perf huwa karibu lile lile: maombi mengi yanajibiwa ndani ya milisekunde chache, kisha moja linachelewa mpaka mteja anakata tamaa na kubonyeza tena. Logi ya programu inaniambia ombi liliingia lini na likatoka lini, lakini haijui kilichotokea chini yake. Perf inajua kilichotokea chini, lakini haina habari ya ombi lolote. Kiungo pekee kati ya rekodi hizi mbili ni wakati, na hapo ndipo perf, ikitumiwa kama ilivyo, inapomwangusha mtumiaji wake.

Usipoiagiza lolote, perf hupiga muhuri wa wakati kwa saa ya ndani ya kerneli, ile ambayo kipanga-kazi cha mfumo hutumia kujua kila uzi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) umekaa kwenye kichakataji kwa muda gani. Kwenye mashine za x86, yaani zenye vichakataji vya aina ya Intel na AMD, saa hiyo husoma kihesabio cha mizunguko kinachoitwa TSC na kukigeuza kuwa nanosekunde. Ni saa nyepesi, inasomeka hata pale kichakataji kinapokatizwa kwa namna isiyoweza kuahirishwa, na ilichaguliwa kwa sababu hiyo hasa. Lakini hakuna wito wa kawaida wa mfumo ambao programu ya mtumiaji inaweza kuutumia kuiuliza saa hiyo ni ngapi. Programu inapopiga clock_gettime hupewa saa nyingine: CLOCK_REALTIME, yaani saa ya ukutani, au CLOCK_MONOTONIC, ambayo huhesabu mbele tu na hairudishwi nyuma hata msimamizi akibadilisha tarehe ya mashine.

Hatari yenyewe imejificha kwenye sura ya namba. Saa ya ndani ya kerneli na CLOCK_MONOTONIC zote mbili huhesabu sekunde kuanzia karibu na mashine inapowashwa, kwa hiyo ukizitazama mara tu baada ya kuwasha, zinakaribiana mno na mtu anaamini ni kitu kimoja. Sicho. CLOCK_MONOTONIC hurekebishwa mwendo wake na NTP, yaani ile huduma inayolinganisha saa ya kompyuta na seva za wakati kwenye mtandao. Saa ya ndani hairekebishwi na mtu. Chukua tofauti ya sehemu 20 katika milioni, ambayo si ajabu kwa fuwele ya kawaida ya kompyuta: kila sekunde saa hizi zinaachana kwa maikrosekunde 20, kwa siku moja zinaachana kwa zaidi ya sekunde 1.7, na baada ya wiki 3 pengo limepita sekunde 36. Sisi tunaosema saa mbili asubuhi huku simu ikionyesha 8:00 tumezoea kuishi na hesabu mbili za saa, lakini pengo letu ni saa 6 leo, kesho na mwaka ujao, na mtu hulitoa kichwani bila kufikiri. Pengo la saa za kerneli linakua, na linakua kwa mwendo unaobadilika kadiri NTP inavyosahihisha na joto la mashine linavyopanda na kushuka. Kupima tofauti mara moja asubuhi na kuitumia jioni hakusaidii pale unapotafuta tukio la milisekunde 50.

Nililipia jambo hili mwenyewe. Kwenye seva iliyokuwa imekaa wiki kadhaa bila kuzimwa, niliweka sampuli za perf kando ya logi ya programu, nikaona kwamba kila ombi lililochelewa lilikuwa na shughuli nyingi za ukusanyaji taka wa Java (kazi ya kufuta kumbukumbu isiyotumika tena) karibu yake, nikatumia siku nyingi kubadilisha mipangilio ya kumbukumbu ya Java bila nafuu yoyote. Nilipokuja kuweka rekodi zote mbili kwenye saa moja, ule ukusanyaji taka ulihamia sekunde kadhaa mbali na maombi yaliyokwama. Kilichokuwa kikiyakwamisha ni kazi ya kunakili mafaili ya akiba iliyokuwa ikigombania diski. Sampuli zote zilikuwa sahihi na logi ilikuwa sahihi; kosa lilikuwa kwenye kuzilaza moja juu ya nyingine kama vile zimepimwa kwa saa moja.

Dawa ipo, na ndiyo inayonifanya niipe perf alama ya juu licha ya kasoro niliyoieleza. Tangu Linux 4.1 ya mwaka 2015, kutokana na kazi ya Peter Zijlstra, mmoja wa watunzaji wa perf, mtu anaweza kuiagiza perf itumie saa anayoitaka:

perf record -k mono -F 999 -g -p NAMBA_YA_MCHAKATO

Herufi hiyo -k, ikifuatwa na jina la saa, ndiyo tofauti yote. Kuanzia hapo kila sampuli inapigwa muhuri wa CLOCK_MONOTONIC, saa ile ile ambayo programu inaweza kuisoma, na hakuna tena haja ya kukisia pengo. Nashangaa kila ninapokutana na wahandisi wazoefu ambao hawajawahi kuliona chaguo hili, na sidhani kosa ni lao, kwa sababu matokeo ya kawaida ya perf hayakuonyi popote kwamba namba zake za wakati hazilingani na za programu yako.

Inafaa kueleza kwa nini jambo linaloonekana dogo hivi lilichukua miaka. Haja ya kulinganisha sampuli za kerneli na za programu ilikuwa imewekwa wazi na Stephane Eranian mwaka 2012, na baadaye Pawel Moll wa ARM alipendekeza njia kadhaa za kuikidhi. Kikwazo kilikuwa kwenye namna CLOCK_MONOTONIC inavyosomwa ndani ya kerneli. Anayeisoma hukagua kama kuna mwingine anayeihuisha wakati huo huo, na akimkuta, husubiri amalize. Sasa sampuli za perf kwenye x86 huchukuliwa kwa ukatizaji usiozuilika, ambao unaweza kuingia katikati ya kuhuishwa kwa saa kwenye kichakataji hicho hicho. Msomaji angemsubiri mhuishaji, na mhuishaji hawezi kuendelea mpaka msomaji aondoke. Mashine ingeganda hapo hapo. Thomas Gleixner alilitatua hilo katika toleo la 3.17 la mwaka 2014 kwa kuweka nakala mbili za data ya saa, ili msomaji daima apate moja iliyo kamili. Msingi huo ulipokuwepo, chaguo la -k likawezekana.

Suluhisho hilo lina bei yake, nayo imeandikwa waziwazi kwenye msimbo: saa inaposomwa kwa njia hiyo ya haraka, wakati wa kuhuishwa inaweza kurudi nyuma kwa kiasi kidogo sana. Kwa anayetafuta kuchelewa kwa milisekunde, jambo hili halina uzito. Kwa anayejaribu kupanga matukio yaliyopishana kwa nanosekunde chache kwenye vichakataji viwili, lina uzito, na huyo asidhani kwamba tarakimu 9 baada ya nukta zinamhakikishia mfuatano.

Saa ipi uchague? Mono ndiyo ninayoipendekeza kwa karibu kila mtu, kwa sababu ndiyo ambayo lugha nyingi za programu huitumia bila kusema. Kwenye Linux, System.nanoTime ya Java huisoma hiyo. Steady_clock ya C++ vilevile, na time.monotonic_ns ya Python tangu toleo la 3.7. Saa ya raw, yaani CLOCK_MONOTONIC_RAW, haiguswi na NTP na kwa hiyo mwendo wake haubadilishwi, lakini programu yako lazima iisome kwa makusudi, na kwenye x86 kabla ya Linux 5.3 kila usomaji wake ulihitaji kuingia kerneli badala ya kumalizika ndani ya programu yenyewe, jambo lililoifanya iwe nzito kwa anayeisoma mara maelfu kwa sekunde. Saa ya ukutani ndiyo watu wengi huitamani kwanza kwa kuwa logi zao zimeandikwa hivyo, na hapa perf inakataa: CLOCK_REALTIME haisomeki kwa usalama ndani ya ukatizaji usiozuilika, kwa hiyo ukiiomba pamoja na vihesabio vya kichakataji unapewa kosa. Itakubalika kwa matukio yanayotokana na vipima-muda vya kerneli kama cpu-clock, lakini hayo si yale unayoyataka unapotaka kuona kichakataji kilivyotumika hata ndani ya sehemu za kerneli zinazozuia ukatizaji. Naona uamuzi wa kukataa ni sahihi. Afadhali kosa la wazi kuliko seva kuganda usiku.

Wale wanaotaka tarehe na saa ya kawaida hawakuachwa. Tangu mwaka 2020, perf ikirekodi kwa -k huhifadhi ndani ya faili usomaji wa saa uliyochagua pamoja na wa saa ya ukutani, na baadaye ukiandika perf script -F +tod unaonyeshwa saa ya siku kwa kila sampuli. Ni rahisi na inapendeza kwa macho. Nina angalizo moja: ugeuzaji huo unategemea jozi moja iliyochukuliwa mwanzo, kwa hiyo ikiwa saa ya ukutani iliruka katikati ya kurekodi, perf haitajua. Kwa rekodi ya dakika chache situmii muda kulihofia jambo hilo. Kwa rekodi ya saa nzima ninatumia hesabu ya mono yenyewe.

Kwa upande wa programu, kazi iliyobaki ni ya mwandishi wake, na ninaona ndipo wengi wanapoharibu. Ninaweka kwenye kila mstari wa logi mihuri miwili: saa ya ukutani kwa ajili ya binadamu, na nanosekunde za CLOCK_MONOTONIC kwa ajili ya kulinganisha. Muhuri lazima uchukuliwe pale tukio linapotokea na si pale mstari unapoandikwa kwenye faili, kwa sababu waandishi wengi wa logi wa siku hizi huweka ujumbe kwenye foleni na uzi mwingine ndio unaoumalizia. Kwa Java kuna zawadi ambayo haijulikani inavyostahili: tangu toleo la 9, logi ya ukusanyaji taka inaweza kuwekewa pambo la timenanos, ambalo ni thamani ile ile ya System.nanoTime. Ukiwasha -Xlog:gc*:file=gc.log:timenanos na kurekodi kwa perf record -k mono, faili hizo mbili zinapangika mstari kwa mstari bila hesabu yoyote zaidi ya kugawanya kwa bilioni. Laiti ningelijua hilo kabla ya siku zile nilizozitaja. Watumiaji wa Go wawe waangalifu, kwa maana ile m=+ inayoonekana Go inapochapisha wakati huhesabiwa tangu mchakato ulipoanza na si tangu mashine ilipowashwa, hivyo haiwezi kulazwa juu ya sampuli za perf kama ilivyo.

Ikiwa programu si yako na logi yake ina saa ya ukutani tu, andika programu ndogo inayosoma saa kwa zamu, kwanza mono, kisha ya ukutani, kisha mono tena, irudie hivyo kila sekunde chache katika kipindi chote cha kurekodi. Wastani wa usomaji wa kwanza na wa tatu ndio unaolingana na ule wa pili, na umbali kati yao unakuonyesha kosa linaweza kuwa kubwa kiasi gani. Usomaji uliochukua muda mrefu kuliko mingine unautupa, kwa kuwa huenda mchakato uliondolewa kwenye kichakataji katikati. Ninaitumia njia hii mara kwa mara, na imenitosha.

Kuna mahali ambapo ulinganifu huu si anasa hata kidogo. Java na lugha nyingine hutafsiri msimbo kuwa wa mashine wakati programu inaendelea, na anwani iliyokuwa na kitendo kimoja (kipande cha msimbo chenye jina lake) sasa hivi inaweza kupewa kitendo kingine baada ya dakika 5. Sampuli ya perf ina anwani tu. Ili kuipa jina sahihi, lazima ijulikane anwani hiyo ilikuwa ya nani kwa wakati ule. Kazi ya Eranian iliyoingia kwenye perf mwaka 2016 hufanya hivyo: Java huandika faili inayosema kitendo gani kiliwekwa wapi na lini kwa CLOCK_MONOTONIC, na perf inject --jit huunganisha faili hiyo na sampuli. Ukisahau -k mono, hatua hiyo haiwezi kupanga matukio, na majina ya vitendo vyako hayatokei au yanatokea yasiyo yao.

Kasoro nilizokutana nazo ni chache. Perf script huonyesha maikrosekunde tu mpaka uongeze --ns. Mashine pepe zina tatizo lao: CLOCK_MONOTONIC ya mgeni (mashine pepe yenyewe) si ya mwenyeji (mashine halisi inayoibeba), kwa hiyo sampuli zilizochukuliwa kwa mwenyeji hazilingani na logi za programu iliyo ndani ya mgeni, na ukiendesha perf ndani ya mgeni mara nyingi hupewi vihesabio vya kichakataji, nayo inarudi kimya kwenye cpu-clock. Kontena, yaani programu iliyotengwa na nyingine kwenye mashine ile ile, kwa kawaida haina tatizo, kwa kuwa inatumia kerneli na saa za mwenyeji. Lakini tangu Linux 5.6 ya mwaka 2020 inawezekana kuipa kikundi cha michakato CLOCK_MONOTONIC iliyosogezwa, na hapo utakuta pengo. Pengo hilo angalau ni la kudumu, nalo linasomeka kwenye faili ya timens_offsets ya mchakato husika chini ya /proc.

Na usahihi wa saa usimfanye mtu asahau uchache wa sampuli. Ukirekodi kwa mara 99 kwa sekunde, kati ya sampuli na sampuli kuna takriban milisekunde 10. Ombi lililokwama kwa milisekunde 6 linaweza kupita lote bila kuonekana, hata mihuri ikiwa imelingana barabara. Zaidi ya hayo, uzi uliolala ukisubiri diski hauchukuliwi sampuli ya mizunguko ya kichakataji kabisa, kwa sababu hauitumii. Ndiyo maana tatizo langu la diski lilithibitika pale tu nilipoongeza tukio la sched:sched_switch, linaloandikwa kila uzi unapoondoka kwenye kichakataji, na kulisoma kando ya logi.

Nikilinganisha na vyombo vingine, LTTng, kifuatiliaji matukio cha Linux kilichoanzishwa na Mathieu Desnoyers, ina heshima ya pekee kwenye suala hili, kwa sababu kifuatiliaji chake cha kerneli na kile cha programu za watumiaji hutumia saa moja tangu mwanzo, na mtumiaji hahitaji kujua lolote kati ya haya niliyoyaandika. Ftrace ya Steven Rostedt, kifuatiliaji kilichomo ndani ya kerneli, ina njia nyingine ninayoipenda: programu huandika ujumbe wake kwenye faili ya trace_marker, na ujumbe huo unaingia kwenye bafa (hifadhi ya muda) ya kerneli na kupigwa muhuri na kerneli yenyewe, hivyo hakuna saa ya pili ya kulinganisha. Gharama yake ni wito wa mfumo kwa kila ujumbe, kwa hiyo inafaa kwa matukio ya mamia kwa sekunde kuliko ya mamia ya maelfu. Kwa wanaoandika programu za eBPF, yaani programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kerneli, bpf_ktime_get_ns inarudisha CLOCK_MONOTONIC, kwa hiyo matokeo yao yanakaa vizuri kando ya perf iliyorekodiwa kwa -k mono.

Kwa anayetaka kujua programu yote inatumia wapi muda wake kwa ujumla, perf ya kawaida inatosha na saa haina neno. Kwa anayefuatilia ombi moja, ninaipendekeza kwa moyo wote, kwa sharti la -k mono kwenye kila amri, na ninaona wakati umefika kwa wanaoitunza kuiandikia perf script onyo la mstari mmoja kila faili inaposomwa ikiwa ilirekodiwa kwa saa ambayo programu za watumiaji haziwezi kuisoma. Kwenye seva zetu nimeliweka chaguo hilo ndani ya hati fupi ya amri ambayo kila mwenzangu anaiendesha badala ya kuandika perf record mwenyewe, nayo huandika pia jozi za saa kila sekunde 5 kwenye faili la pembeni.